Grisi ya Kigoma

Wengi huisifu meli ya Liemba kwa uzee wake. Mimi naisifia grisi.

Meli hiyo, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Kutoka Dar es Salaam ilipanda treni hadi Kigoma. Huko ikaungwa upya kwa ribiti: kipande cha chuma hupashwa moto mpaka kiive, hupenyezwa tunduni, kisha hugongwa kichwa kabla hakijapoa. Ukichelewa kidogo tu, maji yatakuonyesha kosa lako. Februari 1915 ikashushwa ziwani Tanganyika.

Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, adui wakikaribia, Wajerumani wakaamua kuizamisha. Baruti ingeimaliza kwa dakika chache. Fundi Anton Rüter na wenzake, waliokuja kuiunga, walichukua njia nyingine: waliipaka injini grisi nene, wakaijaza meli mchanga, wakaishusha taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Amri waliitii, lakini kazi ya mikono yao hawakuiua.

Sisi wa Tandala, huku Makete, kutu tunaijua. Ukungu wetu haubagui chuma. Wahunzi wetu wa Kikinga wa zamani walifua majembe yaliyouzwa hadi kwa Wanyakyusa. Anayelipaka jembe lake mafuta baada ya palizi ameshaanza kulima msimu ujao. Rüter naye, nadhani, alipaka kwa ajili ya mtu asiyemjua, pengine adui yake mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza walipoitoa majini mwaka 1924, injini na maboila vilikuwa bado vinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na injini hizo za mvuke zikaendelea kuisukuma mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa kuipisha dizeli.

Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni kisicho na gati. Liemba ikatia nanga mbali kidogo na pwani, mitumbwi ikawapeleka watu hadi ubavuni mwake, wazee wakashikwa mikono, watoto wakapokelewa juu juu, safari ya Kigoma ikaanza. Bodi iliyowabeba ni ileile iliyolala miaka chini ya ziwa.