Walivyohesabu kimya cha neva

Mtu anayetaka kujua jinsi seli ya neva inavyokabidhi ujumbe kwa seli ya jirani atafikiria kwanza kuichochea kwa nguvu na kuangalia matokeo. Bernard Katz na wenzake wa University College London walishika njia ya kinyume. Waliidhoofisha sinapsi ya chura, yaani maungio ya neva na msuli wake, mpaka ikawa inashindwa mara kwa mara kufikisha ujumbe, kisha wakahesabu imeshindwa mara ngapi. Katika kazi zote za fiziolojia za karne iliyopita, hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ilitoa jibu kuhusu tukio ambalo hakuna hadubini ya wakati ule iliyoweza kulinasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, sehemu ya kwanza ya safari ya ujumbe ilikuwa imeanza kueleweka. Seli ya neva ikitulia, ndani yake pana umeme hasi ukilinganisha na nje, kiasi cha milivolti 70 hivi. Kichocheo kikiwa hafifu, badiliko linafifia papo hapo. Kikivuka kizingiti, utando hufungua njia, ioni za sodiamu huingia kwa kasi, ndani panageuka chanya kwa takriban milisekunde moja, na kipande kinachofuata cha utando kinachochewa nacho. Wimbi hilo hukimbia hadi mwisho wa neva bila kupungua nguvu. Hapo linakuta pengo.

Pengo kati ya neva na msuli ni la takriban nanomita 50, na umeme wenyewe hauliruki. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha, kwa kutumia mioyo ya vyura, kwamba neva hutoa kemikali. Katika miaka ya 1930 Henry Dale na wenzake wakabainisha kuwa kwenye misuli tunayoitumia kutembea na kushika vitu, kemikali hiyo ni asetilikolini. Lililobaki lilikuwa suala la kipimo: je, neva huitoa kama sukari ya kupimwa kwenye mizani, kiasi chochote kinachotakiwa, au kama sukari iliyokwisha kufungwa katika vipakiti vya robo kilo?

Dalili ya kwanza ilijitokeza bila kutafutwa. Paul Fatt na Katz walikuwa wakitumia elektrodi ya kioo iliyovutwa kwa moto hadi ncha yake ikawa nyembamba kuliko elfu moja ya milimita, wakaichomeka ndani ya uzi mmoja wa msuli wa chura, pale neva inapouungia. Hawakuwa wameichochea neva, lakini kwenye skrini vilionekana vinundu vidogo vya umeme, vya kama nusu milivolti kila kimoja, vikija ovyo ovyo bila mpangilio. Ilikuwa rahisi kuvipuuza na kusema ni kelele za mitambo. Wao wakavihoji. Waliposogeza elektrodi milimita chache kutoka kwenye maungio, vinundu vilipotea. Walipoweka kurare, sumu inayozuia asetilikolini isishike msuli, vilipungua ukubwa. Walipoweka prostigmini, ambayo huzuia asetilikolini isivunjwe haraka, vilikua. Basi vilikuwa asetilikolini kweli. Tena havikuwa molekuli moja moja, maana asetilikolini ikiongezwa kidogo kidogo kutoka nje hubadilisha umeme wa msuli kwa ulaini, bila vinundu. Kila kinundu kilikuwa kifurushi cha molekuli nyingi zilizotoka pamoja.

Je, na ujumbe halisi wa neva umeundwa kwa vifurushi hivyo hivyo? Hapo palikuwa na ugumu. Neva ikichochewa kwa kawaida, msuli hupata badiliko kubwa la makumi ya milivolti, na ndani yake nusu milivolti haionekani. Ndipo José del Castillo na Katz, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1954, wakaidhoofisha sinapsi kwa kupunguza kalsiamu katika maji yaliyouzunguka msuli na kuongeza magnesiamu. Jibu la msuli likasinyaa, likawa la kubahatisha: mara nusu milivolti, mara milivolti moja, mara hakuna kitu kabisa. Vinundu vya kujitokea vyenyewe vilibaki na ukubwa ule ule. Kilichopungua ni idadi ya vifurushi. Kifurushi chenyewe hakikuguswa.

Kisha ikaja hesabu, na hapa ndipo ustadi wao ulipo. Ikiwa kila kifurushi kina nafasi ndogo ya kutoka, na hakitegemei vingine, basi kanuni ya mwanahisabati Mfaransa Poisson inaeleza uwiano wa majibu matupu. Wastani ukiwa kifurushi kimoja kwa kila uchocheaji, takriban mara 37 kati ya 100 hakitatoka hata kimoja. Ukiwa viwili, ni kama mara 14 tu. Kwa hiyo mtu anaweza kupata wastani kwa kuhesabu sifuri peke yake. Anaweza pia kuupata kwa njia nyingine kabisa: achukue wastani wa ukubwa wa majibu yote, augawe kwa ukubwa wa kinundu kimoja. Njia moja inapima urefu wa mawimbi, nyingine inahesabu kimya. Hakukuwa na sababu ya majibu ya njia hizo mbili kukubaliana isipokuwa vifurushi viwe vya kweli. Yalikubaliana.

Karibu na wakati huo huo hadubini za elektroni zilionyesha vifuko vya duara vya takriban nanomita 50 vimejazana mwishoni mwa neva. Mwaka 1979 John Heuser, Thomas Reese na wenzao waligandisha msuli wa chura milisekunde chache baada ya kuuchochea, wakaona vifuko vikifunguka kwenye utando, kwa idadi inayolingana na ile ya vifurushi vilivyopimwa kwa umeme.

Kipimo cha vinundu na vifurushi kilifika hadi kwa wagonjwa wenye misuli inayolegea. Katika ugonjwa wa myasthenia gravis, vinundu ni vidogo kuliko kawaida ilhali idadi ya vifurushi inatosha: kasoro iko upande wa msuli, ambako vipokezi vimeshambuliwa na kinga ya mwili. Katika ugonjwa wa Lambert-Eaton, kila kinundu ni kizima, ila uchocheaji unatoa vifurushi vichache mno, kwa sababu kinga imeshambulia njia za kalsiamu kwenye neva.