Kisu cha Rambo: Kitazame Shingoni

Tunduma ni mji wa magari yaliyosimama. Malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, hupanga foleni barabarani, na pembeni yake wamachinga hutandaza maturubai yao: tochi, mikanda, kufuli, redio ndogo. Mara kwa mara katikati ya vitu hivyo hukaa kisu ambacho mwanamume wa rika langu hapiti bila kugeuka. Bapa lake ni pana na limeng'arishwa mpaka unajiona. Mgongo una meno ya msumeno, mpini ni wa mviringo na umezungushiwa uzi, na mwishoni kuna kifuniko chenye dira. Muuzaji hana haja ya kukitaja jina. Ni kisu cha Rambo.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulimjua Rambo kwa Kiswahili kabla hatujajua neno moja la lugha yake, maana watafsiri wa kanda kama Lufufu walimtia sauti yetu. Jina lilienea hata mifuko ya plastiki ya dukani ikaitwa rambo, na tuliendelea kuiita hivyo mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2019. Kwa hiyo ninapoulizwa kama kisu hiki kinafaa kununuliwa, najua anayeuliza ameshakipenda. Ninachoweza kumsaidia ni macho na mikono, ajue anapenda nini.

Tuanze na kisu chenyewe cha asili, kwa sababu hakikuwa kiinimacho. Kile cha filamu ya kwanza ya Rambo, First Blood ya mwaka 1982, kilitengenezwa kwa mkono na Jimmy Lile, fundi visu wa Arkansas huko Marekani, na yeye ndiye aliyetengeneza pia kile cha filamu ya pili mwaka 1985. Cha tatu, cha mwaka 1988, kilikuwa kazi ya fundi mwingine, Gil Hibben. Watu hawa walitengeneza visu vya kutumika. Mpini mtupu wa visu vya Lile ulikuwa na kazi yake: kubeba viberiti, ndoana na mshipi wa kuvulia. Meno ya mgongoni nayo yana ukoo wake, visu vya marubani, ambao wakianguka na ndege huhitaji kukata bati lake laini ili watoke.

Mwenye kuiga kwa bei ya machinga huiga kile ambacho kamera ilikiona. Kamera iliona bapa, meno, uzi na dira. Haikuona mahali bapa linapoingia kwenye mpini, na hapo ndipo kisu hiki kinapofia. Mimi mahali hapo napaita shingo.

Kisu cha kawaida cha kazi kina chuma kimoja kinachoanza nchani na kuendelea ndani ya mpini, kikabanwa na mbao pande mbili kwa misumari. Ukikikunja, nguvu inagawanyika urefu wote. Mpini ukiwa bomba tupu, chuma hicho hakina pa kupita, lazima kiishie mlangoni. Fundi stadi hufanya kazi kubwa hapo, akakishikamanisha chuma na bomba mpaka viwe kama kitu kimoja. Kwenye nakala nyingi za bei rahisi, bapa lina mkia mwembamba wenye nyuzi za skrubu, umepitishwa kwenye tundu na kukazwa kwa nati moja. Na bomba lenyewe mara nyingi ni aloi laini iliyomiminwa kwenye kalibu, ambayo haipindi ikizidiwa bali hukatika ghafla.

Hili silisemi kwa kusikia. Cha kwangu nilikinunua palepale mpakani, nikaenda nacho shambani Mbozi, nikakitumia kupasulia kuni kavu za mti wa kahawa kwa kukigonga mgongoni kwa gogo dogo. Pigo la tatu au la nne bapa liliruka pembeni, nikabaki na bomba mkononi. Mtoto wa dada yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Tangu siku hiyo sikubali mtu auziwe kifaa hiki kama zana bila kuelezwa.

Basi ukikishika, kabla ya kuuliza bei, fungua kifuniko. Mwaga vilivyomo, kisha mulika tochi mpaka chini kabisa. Ukiona kichwa cha nati, umeona kila kinachokishikilia kisu hicho. Ukiona sehemu imejazwa na kuzibwa sawasawa, hakuna cha kufungua, endelea kukipima. Kitikise karibu na sikio. Funga bapa kwa kitambaa kinene, lishike kwa mkono mmoja, uzungushe mpini kwa mwingine kama unayekamua nguo. Kikitoa mlio wowote, hata mdogo kama wa ukucha, kirudishe kwenye turubai. Hakuna kukaza nati kutakakokiponya, kwa sababu aloi ile laini italegea tena.

Baada ya shingo, chuma. Usidanganywe na mng'ao. Chuma kisichoshika kutu kipo kizuri na kipo dhaifu, na vyote hung'aa sawa. Omba ruhusa, uchukue tupa ndogo, uiguse pembeni mwa makali karibu na mpini. Tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma kilipashwa moto na kuzimishwa ipasavyo. Iking'ata na kutoa unga, makali hayo yatalala siku ya kwanza utakapomenya muhogo. Muuzaji akikataa tupa, hilo nalo ni jibu. Kisha elekeza makali kwenye jua: makali ya kweli hayaonekani, lakini ukiona mstari mweupe unaomeremeta, hapo ni butu.

Meno ya mgongoni yapitishe kwenye kipande cha mti. Ya nakala nyingi ni mapengo tu yaliyokatwa ili kupendeza. Yanakwama kwenye mbao mbichi na kuchana bila kukata. Dira, igeuze taratibu mbali na chuma chochote uone kama sindano inarudi upande uleule. Nyingi hazirudi. Hiyo si sababu ya kukataa kisu, ni sababu ya kutokitegemea njiani.

Ninavyoona mimi, mkoa wetu wa Songwe una haki ya kuwa mgumu kuridhika kwa mambo ya chuma. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma chao wenyewe, na jirani zao Wafipa walijenga matanuri marefu kuliko mtu, kisha chuma kilichotoka humo wakakirudisha kwenye tanuri dogo kukisafisha kabla hakijafika kwenye nyundo. Moto ule wa pili haukuonekana kwenye jembe lililokamilika, lakini bila huo jembe lilivunjika. Na pale kilimani Marengi, hukohuko Mbozi, kimelala kimondo chetu, tani zipatazo 16, karibu asilimia 90 chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki nikeli. Wapimaji wa jiolojia walipotaka kipande chake mwaka 1930, kukikata kwa msumeno wa mkono kuliwachukua muda wa saa 10.

Wahunzi wa leo hawayeyushi mawe. Hutumia springi za malori, na Tunduma haitakosa springi. Chuma cha springi kimetengenezwa kipigwe na kurudi mahali pake maisha yake yote, na kikifuliwa na anayejua moto kinatoa kisu ambacho nakala ya sinema haikaribii. Lakini nacho kikague, maana springi kuukuu huwa na nyufa zisizoonekana. Kining'inize kwa vidole viwili ukigonge kwa kijiti: kinapaswa kulia wazi na kwa muda, sauti ikifa papo hapo, kuna ufa. Tafuta mabaka ya samawati kwenye makali, maana yake jiwe la umeme liliyachoma wakati wa kunoa na ugumu umetoka. Bana ncha kwenye ubao ukikunje kidogo. Kikibaki kimepinda ni laini mno, kikirudi, lipa.

Nakala ya sinema, basi, inunue kama unaitaka ukutani, na hilo ni jambo la heshima kabisa: mtu anaweka picha ya harusi, mwingine anaweka ujana wake. Kwa matumizi hayo angalia umaliziaji wake, meno yawe sawa, uzi uwe umekazwa, ala isiwe plastiki inayonuka. Ukiipata yenye shingo iliyojazwa na makali yanayokataa tupa, unaweza kuipa kazi nyepesi za safari, kukata kamba na kumenya tunda. Kuni, hapana. Kuigonga, kamwe.

Vile vipande vyangu viwili nilivipeleka kwa mhunzi mmoja barabara ya Vwawa. Nilimwamkia shikamoo, akavipokea, akaliweka bomba pembeni bila kulitazama tena, akapitisha tupa kwenye bapa mara moja. Tupa iling'ata. "Mwanangu," akaniuliza, "ulitoa ngapi?" Nilipomtajia akaingia ndani, akatoka na kisu cheusi kisicho na pambo lolote, mpini wa mti, akakipiga kwa ukucha kikalia. Ndicho kilichopo jikoni kwangu mpaka leo. Utomvu wa ndizi umekipaka rangi ya kahawia isiyotoka, na nikikisahau kimelowa usiku mmoja asubuhi kina kutu, nakisugua kwa majivu na kukipaka mafuta ya kupikia.