Lakabu na Alama: Uhakiki wa Lugha ya Sheli katika Kazi ya Git

Kila kundi la mafundi hufupisha maneno ya kazi yao, na waandishi wa programu za kompyuta hawakuepukana na desturi hiyo. Katika mfumo wa Unix mtu husema na mashine kwa njia ya sheli, yaani programu ipokeayo amri zilizoandikwa mstari mmoja mmoja na kuzitekeleza. Mojawapo ya sheli zitumiwazo sana ni Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Kila aitumiaye ana ruhusa ya kuipamba: huandika katika faili zake za mipangilio majina yake mwenyewe ya amri, pamoja na alama azitakazo zitangulie kila amri. Uhakiki huu wahusu mapambo hayo yatumiwapo pamoja na Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005 ili kutunza historia ya mabadiliko katika kiini cha Linux. Swali ni moja: pambo lipi humzidishia mtu maarifa ya kazi yake, na lipi humpunguzia?

Pambo la kwanza ni jina la badala la amri, liwezalo kuitwa lakabu. Kitabu kijulikanacho sana cha Scott Chacon na Ben Straub, Pro Git, chatoa mifano: `co` badala ya `checkout`, `ci` badala ya `commit`, `br` badala ya `branch`, na `st` badala ya `status`. Faida yake ni dhahiri, kwani amri iandikwayo mara nyingi kwa siku haina haja ya kuwa ndefu. Lakini lakabu nazo zina nasaba, na nasaba ya hizi yastahili kuchunguzwa.

`Ci` na `co` hazikuzaliwa na Git. Zilikuwa majina kamili ya amri katika RCS, programu ya Walter Tichy iliyotokea mwaka 1982. Ya kwanza iliweka toleo jipya la faili katika kumbukumbu, ya pili ililitoa. Subversion, iliyoanzishwa mwaka 2000, ikazirithi zikiwa vifupisho, na humo `ci` huipeleka kazi ya mtu moja kwa moja mpaka ghala la pamoja, ambako wenzake waweza kuichukua. Katika Git, `commit` haifanyi hivyo. Huandikisha mabadiliko katika ghala lililo ndani ya kompyuta ya mwenyewe, na kazi haifiki kwa wengine mpaka itolewe amri ya pili, `git push`. Basi mtu aliyelelewa na Subversion, akiipa Git lakabu ya `ci`, aweza kulihamisha neno pamoja na maana yake ya zamani. Jioni huandika `ci`, akaifunga kompyuta akiamini kuwa kazi imekwisha fika. Kompyuta ikiibwa usiku, na kazi imekwenda nayo. Wanaisimu wayajua maneno ya namna hii: sura moja katika lugha mbili jirani, na maana mbalimbali.

Lakabu ya `co` ina kasoro nyingine. Amri ya `checkout` yenyewe ilibeba maana mbili: kuhama kutoka tawi moja la kazi hadi jingine, na kuirudisha faili katika hali yake ya awali. Katika maana ya kwanza Git hukataa kuhama iwapo kwa kufanya hivyo ingepoteza mabadiliko yasiyoandikishwa. Katika ya pili huyafuta bila kuuliza. Mwezi wa Agosti 2019, katika toleo la 2.23, watunzaji wa Git waliligawa neno hilo wakatoa `switch` kwa maana ya kwanza na `restore` kwa ya pili, ingawa `checkout` haikuondolewa. Huo ulikuwa usanifishaji mwema. Aendeleaye kuandika `co` kwa yote mawili aung'ang'ania utata uliokwisha tatuliwa, tena ameufupisha hata usionekane.

Hata hivyo si haki kuzihukumu lakabu zote kwa hizo mbili. Katika kitabu kile kile imo `unstage`, iliyowekwa mahali pa `reset HEAD --`. Kazi yake kubwa si kufupisha bali kueleza. Amri ya asili haimwambii asomaye kwamba faili yaondolewa katika zile zilizotengwa tayari kuandikishwa; lakabu yamwambia. Toleo lile la 2.23 likaleta `restore --staged` kwa kazi hiyo hiyo. Lakabu ilikuwa imelionyesha pengo la lugha rasmi kabla halijazibwa. Hicho ndicho kipimo: lakabu njema huongeza maana, lakabu mbaya huokoa herufi tu.

Pambo la pili ni mstari utanguliao kila amri. Faili ya `git-prompt.sh`, kazi ya Shawn O. Pearce, husambazwa pamoja na Git, nayo huuongezea mstari huo jina la tawi. Ikiwashwa `GIT_PS1_SHOWDIRTYSTATE`, nyota huonyesha mabadiliko ambayo hayajatengwa, na alama ya kujumlisha huonyesha yaliyotengwa. `GIT_PS1_SHOWUPSTREAM` ikipewa thamani ya `auto`, alama ya `>` husema kuwa mtu ana kazi isiyofika kwenye ghala la pamoja, `<` kuwa yeye ndiye aliyeachwa nyuma, `<>` kuwa pande mbili zimeachana, na `=` kuwa zalingana. Sarufi hii ni ndogo, lakini yatosha. Yule wa `ci` angeiona `>` mbele ya macho yake kabla ya kufunga kompyuta; alama ingemsahihishia neno.

Lakini hata alama hizi zisisadikiwe kupita kiasi. Hulinganisha kazi ya mtu na habari za ghala la pamoja zilizoletwa mara ya mwisho; kama `git fetch` haikutolewa tangu juzi, `=` yasema kweli ya juzi. Tena hali ya faili huchunguzwa upya kila mstari utokeapo, na katika ghala kubwa sana jambo hilo huchelewesha kazi.

Git imejiwekea mpaka wa busara: kwa kawaida lakabu yenye jina la amri yake rasmi haisikilizwi. Bash haina mpaka huo, lakini lakabu zake kwa kawaida hazifasiriwi ndani ya skripti, wala hazimfuati mwenyewe akihamia mashine nyingine. Hubaki kuwa lugha ya nyumbani. Wenye Kiswahili walijua jambo hili zamani. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na Kimvita na Kiamu vikaendelea kusemwa kwao bila kosa. Kosa ni kumwelekeza mgeni njia kwa msemo wa nyumba moja. Kwa hiyo mwalimu wa Git na afundishe kwanza `switch`, `restore`, `commit` na `push` kwa majina yao kamili, na alama za mstari ziwashwe tangu siku ya kwanza. Lakabu zije baadaye, kila moja ikiwa imethibitisha haja yake.