Injini Ikiwa Bado Imelala

Fundi alitaka tufike yadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla dalali hajapata nafasi ya kuwasha gari. Mdogo wangu, ambaye ndiye mnunuzi, alidhani ni papara ya bure. Tulipofika fundi hakuzunguka gari wala kupiga tairi teke. Aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo kwa muda, kama mama anayepima homa ya mtoto. "Limelala," alisema. "Tunaweza kuanza."

Gari lenyewe lilikuwa Mercedes C200 ya 2010, umbo ambalo mafundi huliita W204 na lililotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2014. Lilitumika kwanza Japani, likavuka bahari, na kwa miaka minne lilikuwa limetembea Dar es Salaam. Dashibodi ilisoma kilomita 74,000. Rangi ya fedha iling'aa, viti vilinukia manukato, na bei ilikaribiana na ya gari jipya zaidi la kawaida. Hapo ndipo magari madogo ya kifahari hunasa watu. Kule Japani ukaguzi wa lazima wa serikali huja mwaka wa 3, kisha kila baada ya miaka 2, na unagharimu. Wengi huona heri kuuza kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Gari hushuka bei haraka, lakini spea zake hazishuki nalo. Anayelinunua kwa bei ya mtumba atalitunza kwa bei ya dukani.

Nimemfuata fundi huyu katika kazi hii mara kadhaa, na nimekuja kuelewa kwamba hatafuti kasoro kwanza. Anatafuta umri. Gari moja lina umri mwingi: wa bodi, wa vioo, wa mikanda, wa tairi, wa mpira, wa ngozi ya usukani, na ule unaosemwa na dashibodi. Kazi yake ni kuuliza kila kimoja peke yake, halafu kusikiliza kama vinakubaliana.

Alianza na vioo. Kila kioo kina chapa ndogo pembeni yenye alama ya mwaka kilipotengenezwa, na vyote vilisema jambo moja. Alivuta mkanda wa dereva mpaka mwisho kusoma kitambulisho kilichoshonwa chini yake: 2010. Kwenye tairi alitafuta tarakimu nne za mwisho zinazotaja wiki na mwaka. Tatu zilikuwa 3121, yaani wiki ya 31 ya 2021, na ya nne ilikuwa ya zamani zaidi. Aliingiza vidole upande wa ndani wa tairi za mbele, mahali ambapo jicho halifiki, akahisi zimelika kuliko nje. Aliandika "bushi" katika daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kisha akainama kutazama mpira wa pedali ya breki na kupitisha kidole gumba juu ya usukani, pale mkono wa dereva unapozoea kukaa. Mpira ulikuwa umechakaa kidogo. Aliweka alama ya kuuliza mbele ya 74,000 akaendelea.

Alama ile ya kuuliza ndiyo ninayoipenda kuliko vifaa vyake vyote. Mtu mwingine angeshatamka kwamba kilomita zimerudishwa, au angenyamaza kwa sababu dalali anatazama. Yeye aliliacha swali wazi mpaka ushahidi mwingine ufike.

Dalali alitoa karatasi ya mnada ya Japani. Fundi hasomi Kijapani, lakini mchoro wa gari uliojaa herufi anausoma kama ramani ya mtaa wake. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya mahali palipowahi kutengenezwa, XX ni sehemu iliyobadilishwa kabisa, na tarakimu inayofuata herufi husema ukubwa. Daraja la jumla lilikuwa 4, si R ambayo huwekewa gari lililogongwa na kutengenezwa sehemu za msingi za bodi. Kwenye mlango wa nyuma kushoto palikuwa na W2. Alitoa kipima unene wa rangi akakigusisha kwenye paa, boneti na milango. Kwingine kote kilisoma kati ya mikroni 100 na 140, kiasi cha kawaida cha rangi ya kiwandani. Kwenye mlango ule kilipita 300. Uso wake ulichangamka. "Karatasi na bati vimesema neno moja," alimwambia mdogo wangu. "Dada, gari likiguswa likasema, nalisikiliza. Linalonitisha ni lililoguswa likanyamaza."

Ufunguo uliingia na kutoka mara kumi. Kila unapoingia, mota ndogo inayofungua kufuli la usukani hulia kwa mkato, na katika W204 mota hiyo inajulikana kufa kwa uchovu. Ikifa, ufunguo hauzunguki na gari haliwaki. Fundi hakusikiliza kama inalia. Alisikiliza kama mlio wa kumi unafanana na wa kwanza.

Kisha gari liliwashwa.

Injini ya gari hili ni ile ya lita 1.8 ambayo Mercedes waliipa jina M271, na udhaifu wake maarufu ni cheni ya taiming kurefuka, pamoja na meno ya gia za kemshafti kulika. Dalili yake huishi sekunde moja au mbili tu, injini ikiwashwa baridi, kabla oili haijapanda: mkwaruzo kama mnyororo wa baiskeli kavu. Injini ikishapata moto mlio huo hupotea, na ndiyo sababu muuzaji mjanja utamkuta ameshaiwasha. Fundi alikuwa ameegemeza bisibisi ndefu mbele ya injini, mpini ukiwa sikioni, macho yamefumbwa. Sisi wengine tulisikia gari limewaka. Yeye alisikia cheni nzima.

Aliomba lizimwe, akachomoa plagi za umeme kwenye sumaku za kemshafti na kuangaza ndani kwa tochi. Katika injini hizi sumaku hizo huweza kuvuja, na oili hupanda ndani ya waya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambini, taratibu, mpaka inafika kwenye kompyuta ya injini. Sehemu inayovuja ni ya bei ndogo. Uharibifu wake ndio mkubwa. Plagi zilikuwa kavu. Chini ya kifuniko cha oili chuma kilikuwa na rangi ya asali iliyokolea, wala si tope jeusi. Nilianza kuamini kwamba tumepata gari.

Mashine ya kusomea kompyuta haikuonyesha hitilafu hata moja, na dalali akaitikia kwa kichwa. Fundi alifungua ukurasa mwingine, ule unaoonyesha majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe safarini. Kadhaa yalikuwa hayajakamilika. Hali hiyo hutokea betri ikitolewa, au mtu akifuta kumbukumbu siku za karibuni. Alama ya pili ya kuuliza.

Tulitoka barabarani. Kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, foleni ilipofunguka, fundi alikuwa kiti cha abiria na mashine mapajani, akitazama namba moja tu: joto la maji. Injini kama hii hutulia kwenye nyuzi 90 hivi au zaidi. Ya kwetu ilipanda kwa uvivu hadi 74, na upepo ulipoingia kwenye rejeta ikashuka hadi 68. Gari lilikuwa linakwenda laini, gia zikibadilika bila kushtuka, na mdogo wangu alikuwa akitabasamu. Fundi aliomba tugeuze.

Thermostat, kifaa kinachodhibiti joto la maji, ilikuwa imetolewa. Ni desturi mbaya inayoenea katika gereji zetu: gari likichemka mara moja, mtu huchomoa kifaa hicho, hujaza maji ya bomba, na mwenye gari huambiwa sasa litapoa. Linapoa kweli. Lakini kompyuta hudhani injini bado baridi na kuzidisha petroli, unyevu unabaki ndani ya oili, na maji matupu yanatafuna alumini kimyakimya. Katika chupa ya rejeta maji yalikuwa na wekundu wa kutu.

Hapa ndipo wengi wangetoa hukumu. Yeye aliuliza swali lililo nyuma ya lile la kwanza: ilitolewa kwa nini? Ikiwa injini ilichemka, je, gasketi ya silinda hedi ilinusurika? Alitega juu ya maji ya rejeta kibomba chenye kimiminika cha buluu, ambacho hugeuka njano kikikutana na moshi unaovuja kutoka ndani ya silinda. Tulisimama dakika kumi tukitazama rangi. Ilibaki buluu.

"Inatosha?" mdogo wangu aliuliza.

"Bado, dada. Ufa mdogo hujificha injini ikiwa moto."

Alirudi jioni, injini ilipopoa kabisa. Alifunga pampu ya mkono mdomoni mwa rejeta, akapandisha shinikizo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, akachora mstari mwembamba wa kalamu kwenye kioo cha geji, sawasawa na ncha ya mshale. Alimwomba mlinzi wa yadi asiruhusu mtu kugusa.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alipiga magoti na tochi yake. Mshale ulikuwa juu ya wino. Alitazama mara ya pili kutoka upande mwingine, asije akadanganywa na pembe ya jicho. Kisha akafungua daftari, akaandika bushi, thermostat, maji ya rejeta na tairi moja, kila kimoja na bei yake ya maduka ya spea ya Gerezani pembeni, akajumlisha, na kumpa mdogo wangu hesabu hiyo aende nayo kwa dalali. Alama ya kuuliza mbele ya 74,000 hakuifuta.