Sifa za Asiye na Mpira

Mchezo wa kikapu wa vyuo vya Marekani una dakika 40, wachezaji 10 uwanjani na mpira mmoja. Ukigawa kwa haki, kila mchezaji ataushika mpira kwa dakika 4 tu. Dakika 36 zilizobaki anafanya nini? Ufundi ninaotaka kuusifu umo ndani ya dakika hizo. Humo humo ndimo mabishano yetu mengi ya mashabiki yanamopotea njia, kwa sababu macho yetu hayabanduki kwenye mpira.

Naishi Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm, kwenye reli iendayo Märsta. Watu wa hapa wanapenda hoki ya barafu kuliko kikapu, na Sweden nzima, ukianza na soka ukaja kwenye hoki hadi mpira wa mkono, kikapu kinasubiri sana zamu yake. Lakini tupo. Tumo watu wa Dar es Salaam, wa Mombasa, wa Lubumbashi na wa Bujumbura, na ikifika Machi, mashindano ya vyuo ya NCAA yanapoanza, kijiwe chetu hakilali. Mechi ya jioni kule Marekani hutufikia huku usiku wa manane au alfajiri, na asubuhi ndani ya treni ya kwenda mjini utawajua waliokesha kwa macho yao mekundu na kwa ubishi wao.

Kwa miaka kadhaa kijiwe kiligawanyika kambi mbili. Kambi ya Kentucky ilizaliwa na Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, ambaye msimu wa 2021–22 alikusanya wastani wa ribaundi 15 kwa mchezo, akatajwa mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani. Kabla yake, kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyekuwa amemaliza msimu wa daraja la kwanza na wastani wa pointi 15 na ribaundi 15 kwa pamoja. Unadhani Mkongo wa Väsby angeshabikia timu gani nyingine? Kambi ya Arizona nayo ilizaliwa na Pelle Larsson, kijana wa Nacka, hapa hapa Stockholm, aliyeanzia chuo cha Utah kisha akahamia Arizona, na mwaka 2022 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba katika ligi ya Pac-12.

Ubishi ulikuwa wa mfumo. Wa kambi ya Arizona walijivunia kocha Tommy Lloyd, aliyekuwa msaidizi kule Gonzaga kwa karibu miaka 20 kabla ya kupewa timu yake mwenyewe mwaka 2021. Timu yake ilikimbia, ilitoa pasi kutoka kwa mtu mrefu kwenda kwa mtu mrefu mwenzake chini ya goli, na ilifunga zaidi ya pointi 80 kwa mchezo. Kwa John Calipari wa Kentucky, waliuliza: mfumo wake ni upi? Mzee mmoja wa Lubumbashi, fundi wa magari, alikuwa na jibu lake ambalo hakulibadili hata siku moja: "Ndugu zangu, mfumo haufungi. Anayefunga ni mtu."

Calipari hakuwa mtu asiye na mfumo. Alipokuwa Memphis aliuchukua mfumo wa Vance Walberg, kocha wa California ambaye wakati huo wachache walimjua. Wanne wanatawanywa pembeni, njia ya kuelekea kwenye goli inaachwa wazi, gadi anaingia kwa kudunda kwa kasi. Mabeki wakimkimbilia, anatoa pasi nje. Wasipomkimbilia, anafunga mwenyewe. Mfumo huo uliifikisha Memphis kwenye fainali ya mwaka 2008. Lakini unadai njia iwe wazi, na Oscar alikuwa mtu wa kukaa katikati ya njia hiyo hiyo. Ndipo maswali yalipoanza: umtoe mtu wa ribaundi 15 ili uheshimu mfumo, au uuvunje mfumo ili umtumie mtu?

Tarehe 17 Machi 2022, Kentucky waliopangwa namba 2 katika kanda yao walikutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey kilichopangwa namba 15. Oscar alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Kentucky walifungwa 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza. Kambi ya Arizona ilicheka mwaka mzima. Mwaka ulipotimia, tarehe 16 Machi 2023, Arizona nao, waliopangwa namba 2, wakakutana na namba 15, chuo cha Princeton, mjini Sacramento. Walikuwa wakiongoza hadi kipindi cha pili, kisha zaidi ya dakika nne za mwisho wakashindwa kufunga hata pointi moja. Princeton 59, Arizona 55. Kicheko kikahamia upande wa pili.

Tulibishana majuma mengi kuhusu mechi hizo mbili, nani alaumiwe, kocha au gadi aliyekosa mtupo. Ninavyoamini mimi, tulikuwa tukiangalia mahali pasipo penyewe. Usiku wa Saint Peter's, Oscar alifanya kazi yake yote. Rudia kuitazama mechi ile ukiwaangalia wenzake wanne kila mpira unapoingia mikononi mwake, utaona mara kwa mara watu waliosimama wima, mikono kiunoni au magotini, wakimsubiri amalize. Mfumo wowote ule hufa siku wanne wanapogeuka watazamaji.

Princeton wana historia ndefu ya kukataa kutazama. Kocha wao wa mwaka 2023, Mitch Henderson, alikuwa mchezaji wa Princeton mwaka 1996, chini ya Pete Carril. Carril alikuwa mwana wa mhamiaji kutoka Hispania aliyefanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, na mwenyewe alikuwa mtu mfupi. Alikaa Princeton tangu 1967 hadi 1996, katika chuo kisichotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, hivyo wachezaji warefu na wenye mbio walikwenda kwingine. Alichobaki nacho ni kufundisha miguu na macho. Mwaka 1989 vijana wake nusura waiangushe Georgetown yenye Alonzo Mourning na Dikembe Mutombo wa Congo. Walifungwa 50 kwa 49. Mwaka 1996 waliwatoa mabingwa watetezi, UCLA, 43 kwa 41.

Kikapu cha ushindi cha usiku ule nimekitazama mara nyingi, na kila mara napata cha kujifunza. Senta, Steve Goodrich, ana mpira mbali na goli, karibu na mstari wa mitupo huru. Kijana wa mwaka wa kwanza, Gabe Lewullis, yuko pembeni. Beki anayemkaba amesogea mbele kidogo ili aizibe pasi. Lewullis anapiga hatua kama anayeufuata mpira, na uzito wa beki unahamia kwenye vidole vya miguu. Basi, imekwisha. Lewullis anageuka, anakata nyuma ya mgongo wa beki kuelekea kwenye goli, na pasi ya kudunda mara moja inamkuta njiani. Anaweka mpira kwenye ubao, unaingia, na saa imebakiza kama sekunde nne.

Kazi kubwa hapo ilikwisha kabla ya pasi. Lewullis alipiga hatua moja ya uongo, kwa wakati wake. Angewahi kidogo, beki hajaegemea. Angechelewa, njia imeshazibwa. Naye Goodrich alipaswa kuamini kwamba mwenzake atakata, la sivyo pasi ile ingekuwa zawadi kwa UCLA. Hata hao wengine watatu walikuwa na kazi: kukaa mbali vya kutosha ili mabeki wao wasiweze kurudi kuokoa. Kama wacheza bao, watano wale walikuwa wamehesabu kete za mpinzani hadi shimo la mwisho.

Haki itendeke: mwaka 2023 Princeton hawakuishinda Arizona kwa mikato ya namna hii pekee. Walikaba kama watu wanaolinda nyumba yao, na mitupo yao ya pointi tatu ilikuwa mibovu. Lakini mtazame Tosan Evbuomwan, Mwingereza wa Newcastle, fowadi mkubwa aliyeshika mpira mahali pale pale penye madaraka ya Goodrich, huku wenzake wakimzunguka. Carril alikuwa amefariki Agosti ya mwaka uliotangulia, na Sacramento ndiko alikokwenda kuwa kocha msaidizi wa Kings baada ya kustaafu Princeton.

Sisi Watanzania jambo hili linatuhusu zaidi ya tunavyokubali. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akachezea chuo cha Connecticut, akazuia zaidi ya mitupo minne kwa mchezo katika msimu wake wa mwisho, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Nilishangilia kama kila Mtanzania, na heshima yangu kwake haijapungua. Katika uteuzi huo huo, nafasi ya 39, alichaguliwa Msweden, Jonas Jerebko. Thabeet alicheza NBA hadi 2014, Jerebko hadi 2019. Jerebko hakuwa na kimo cha Thabeet wala jina lake. Alikuwa mtu wa kukimbia, kukata, kuwania mpira na kusimama panapomfaa mwenzake, na mchezaji wa aina hiyo hupata kazi kila msimu. Kwetu tulimsifu Hasheem kwa urefu tangu akiwa shule. Sijui ni wangapi walioketi naye kumfundisha dakika zile 36.

Hapa Väsby nimeona zikifundishwa. Katika ukumbi mmoja wa michezo kuna wasichana wa miaka kumi na kitu wanaofanya mazoezi kwa watatu watatu, na kocha wao amepiga marufuku kudunda. Pasi na miguu tu. Dakika za mwanzo ni vurugu, wote wanaukimbilia mpira na kugongana. Kisha mmoja, binti mwembamba ambaye hafungi sana, anaanza kwenda kinyume na wenzake, anauacha mpira na kutafuta mgongo wa beki. Ghafla uwanja unafunguka. Mzazi mmoja kando yangu alishangilia aliyefunga. Kocha aliita jina la yule mwembamba.

Larsson ni wa darasa hilo. Mwaka 2024 alichaguliwa nafasi ya 44 na kuishia Miami Heat, ambako amepata dakika kwa kukata, kukaba na kutoa pasi bila kukawia. Mzee wa Lubumbashi bado anasema mfumo haufungi. Namkubalia nusu: anayefunga ni mtu, ila mara nyingi aliyemfungulia njia ni mwingine, na huyo ndiye ninayeomba atajwe kijiweni.

Machi ijayo fanya hivi, msomaji. Chagua mchezaji mmoja asiye nyota na umfuate yeye peke yake kwa dakika tano, mpira uende unakotaka. Tazama anasimama wapi, anaondoka lini, na nani anapata nafasi kwa sababu yake. Ukishamaliza, njoo tubishane kuhusu mfumo.