Upande wa Pili wa Kaunta

Watunzi wetu wa riwaya za mjini wanaupenda sana usiku: baa, klabu, bastola, gari linalofunga breki kwa kishindo. Tangu Elvis Musiba alipomleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, vijana wengi tumejifunza mwendo wa hadithi kutoka vitabu vya aina hiyo. Mimi ninayeandika riwaya yangu ya kwanza kwenye madaftari yaliyobaki ya sekondari siwezi kumdharau mwalimu huyo. Ila iko saa ambayo riwaya hizi huiruka, kuanzia kumi na mbili jioni hadi saa moja. Zikiiruka saa hiyo, zinawaruka na watu.

Hebu ndugu msomaji, tufuatane kwa miguu. Tuanzie Kisutu, Dar es Salaam. Kengele za mahekalu ya Wahindu zinalia, viatu vimepangwa mlangoni. Ghorofa za zamani zilizobaki hapa katikati ya mji zina historia. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, na wapangaji wa kila kabila wakawa chini ya Msajili wa Majumba. Ndiyo maana ngazi moja utaipanda ukisikia Kigujarati, Kinyakyusa na redio ya mpira.

Pembeni babu mmoja wa Kihindi ananunua muhogo wa kuchoma.

"Mwanangu, pilipili usiifanyie choyo. Ndiyo ninayoinunua, muhogo kisingizio tu."

"Babu, jana ulisema hivyohivyo, ukanimalizia kopo!"

Sasa jiulize: babu huyu yuko kwenye riwaya gani? Mhindi ninayekutana naye mara kwa mara katika hadithi zetu za mitaani ni yuleyule: tajiri, mlanguzi, anasema "iko nini bana" hadi ukurasa wa mwisho. Hana mama, hana deni, hapendi pilipili. Mtunzi amemtazama akiwa amesimama upande wa mteja, akaondoka na chenji yake.

Je, walio upande wa ndani wa kaunta wameandika vizuri zaidi? M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar, alitoa Uhuru Street mwaka 1991, mkusanyiko wa hadithi fupi kwa Kiingereza. Kitabu kile nakipenda. Alzira, fundi cherehani wa Kigoa, ana uhai. Katika hadithi ya kijana anayekwenda kusoma Marekani, moyo wa mama unauhisi kabisa. Lakini Mwafrika katika kurasa zile mara nyingi ni mtumishi, mteja au ombaomba. Anaingia dukani, anatoka, na hadithi haimfuati nyumbani kwake. Kaunta ni ileile, mtazamaji ndiye aliyehama upande.

Tuendelee. Mbele yetu ni Mnazi Mmoja. Uwanja huu haukubaki wazi kwa bahati tu: wakoloni waliutumia kutenganisha Uhindini na makazi ya Waafrika kule Kariakoo. Leo watu wanaukata kila jioni bila kufikiri. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, adhana ya magharibi inaanza msikiti mmoja na kupokewa na mwingine. Ukishika Mtaa wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Kichwele, umeshaingia Kariakoo, na mambo yanabadilika tena. Nyuma ya kaunta yuko Mpemba, yuko Mkinga, yuko dada wa Kichaga anayefunga vitenge huku akimsikiliza mwanawe akisoma hesabu, na siku hizi yuko hata Mchina anayepunguza bei kwa Kiswahili. Kaunta imeshabadilisha wenyewe. Vitabu vyetu bado vinamwuzia msomaji duka la zamani.

Wengine watasema, bwana we, msomaji anataka mkasa, hataki habari za muhogo. Mimi nasema mkasa umo humohumo. Mpangaji anayeogopa ghorofa lake litabomolewa, binti anayempenda mtu wa upande wa pili wa uwanja: huo si mkasa? Na lugha ya kuusimulia tunayo, kwani babu yule na muuza muhogo walitaniana kwa Kiswahili, siyo kwa Kiingereza. Vassanji alichagua lugha yake, ni haki yake. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tunaoandika kwa lugha ya pale kwenye jiko la muhogo. Ghorofa za zamani zinavunjwa, na wazee wanaokumbuka nani aliishi chumba kipi wanapungua.

Kwa hiyo, chipukizi mwenzangu, kabla hujampa mhusika wako bastola, mvushe kwanza Mnazi Mmoja saa ya magharibi. Mwache anunue kitu. Halafu andika ukurasa mzima juu ya yule aliyemwuzia, anakokwenda akishafunga duka.