Labirintodonti ni kama dagaa tu

Nenda pale kwa wauza samaki Msasani, omba dagaa. Utaulizwa: dagaa gani? Maana dagaa wa Kigoma ana undugu wa karibu zaidi na dagaa papa wa baharini kuliko na dagaa wa Mwanza. Sufuria haijali hilo. Dagaa ni jina la sokoni, na sokoni linatosha.

Shida ni jina la namna hiyo likitumika kama la kisayansi. "Labirintodonti", ambalo bado unalikuta vitabuni, ni mfano wake. Wataalamu wa karne ya 19 waliwaweka pamoja amfibia wengi wa kale kwa sababu ukikata jino lao kwa upana, unaona mikunjo kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Lakini mikunjo hiyo hiyo walikuwa nayo baadhi ya samaki waliowatangulia. Yaani ni urithi wa babu wa mbali, siyo alama ya ukoo mmoja. Tena kundi hilo lina mababu wa reptilia na wetu sisi, halafu linawaacha wajukuu nje!

Tuangalie visukuku vya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Kwenye miamba ya Permi kuna Peltobatrachus, aliyeelezwa na Panchen mwaka 1959: mnyama wa nchi kavu mwenye ngao za mfupa, kidogo kama kakakuona. Kwenye miamba ya Triasi yupo mwindaji wa majini mwenye fuvu bapa. Howie alimwita Parotosaurus pronus mwaka 1970. Leo anajulikana zaidi kama Stanocephalosaurus pronus. Ukiwaita wote wawili labirintodonti, umeeleza meno tu.

"Temnospondili", jina la Zittel la mwaka 1888, ni bora, maana siku hizi linadai undugu, na wote wawili wamo. Ila vitabu huongeza haraka: "kundi lililotoweka". Hapo pana ubishi. Wataalamu wengi wanaona vyura walitokana na temnospondili. Wengine wanasema walitokana na lepospondili. Wa kwanza wakiwa sahihi, temnospondili hawajaisha, wanapiga kelele kwenye madimbwi yetu kila masika.

Dai hilo linaweza kuthibitika au kuanguka kwa kisukuku kimoja kipya. "Labirintodonti" halina hatari hiyo, kwa sababu halisemi nani ni ndugu wa nani. Tuliache.